Saa Zisizo na Upepo

Siku kampuni ilipohamia ghorofani, Mkurugenzi aliagiza keki yenye umbo la wingu. Ilikuwa keki kubwa, nyeupe, iliyojazwa krimu mpaka inakaribia kuanguka, na juu yake maneno ya samawati: Tunaijua Hewa Yako. Wageni waliipiga picha kabla ya kuikata. Walikuwepo watu wa benki, walikuwepo maofisa wa serikali ambao penye keki hawahitaji kualikwa mara mbili, na walikuwepo wenye viwanda, wateja, wakisifu zulia, wakisifu viyoyozi, wakisifu skrini iliyojaa ukuta mzima ambapo moshi wa rangi ulikuwa ukitambaa juu ya ramani.

Moshi ule ulikuwa kazi ya mke wa Mkurugenzi. Programu iliyouendesha aliiandika yeye, mstari kwa mstari: unaipa urefu wa bomba la kiwanda, joto la moshi wake, vipimo vya upepo vya mwaka mzima na umbo la vilima, nayo inakuonyesha moshi utakwenda kutua wapi na kwa wingi gani, hata kabla kiwanda chenyewe hakijajengwa. Ofisini walimwita Fundi, na jina hilo alilipenda. Mumewe naye aliwahi kuwa fundi, tena mzuri, lakini siku hizi alikuwa Mkurugenzi tu, hata nyumbani. Mama mzazi wa mume huyo akiwa jikoni alikuwa akiuliza kama Mkurugenzi ameshakula.

Katikati ya sherehe akaingia dada mkubwa wa Fundi. Alikuwa mshonaji, na alivaa gauni alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Mkononi alikuwa na zawadi ya kitambaa cha meza, hajui aiweke wapi. Mkurugenzi alikuwa ameinamiana na mtu wa benki. Aliinua macho, akamwona shemeji yake, akamwita kwa kidole, akamwambia akusanye sahani zile za dirishani maana zinaharibu picha. Kisha akarudi kwa mtu wake wa benki. Hata salamu hakumpa.

Dada alikusanya. Fundi aliona kwa mbali, damu ikamchemka. Alijipenyeza katikati ya wageni mpaka akamfikia, akazishika zile sahani ampokonye. Dada yake hakuziachia. Alimwambia kwa sauti ya chini amwache, wasije wakamharibia mwenzao siku yake. Wakawa wamesimama pale, ndugu wawili, wameng'ang'ania sahani zenye makombo, na mtu wa benki alipopita akaongeza ya kwake juu ya zile na kusema asante.

Na ijulikane kwamba kampuni ile ilizaliwa sebuleni kwa mwanamke huyo. Fundi na mumewe walipoacha ajira wajitegemee, hawakuwa na pa kuweka kompyuta. Dada aliisukuma cherehani yake ukutani, akawapa meza yake ya kukatia vitambaa, kule bondeni anakoishi. Umeme wa nyumba ulikuwa dhaifu. Akichomeka pasi, kompyuta zinazimika, na hesabu iliyokuwa ikiendelea tangu asubuhi inapotea yote. Basi yeye ndiye aliyeacha kuchomeka. Alikwenda kuzipigia nguo za wateja wake pasi kwa jirani, akilipa, wala hakuwahi kulitaja jambo hilo. Majirani waliwatania kwamba hapo wanauza hewa, wakawa wanapita dirishani kuulizia bei ya kilo imefika wapi. Baadaye kampuni ilihamia chumba cha nyuma ya duka la dawa, kisha nyumba nzima, na sasa ghorofa yenye lifti. Wateja walikuja kwa kusikia kwa wateja wenzao, na Fundi aliamini kabisa kwamba wanakuja kwa sababu kazi yake ni nzuri.

*

Mteja wa kwanza wa ofisi mpya alikuwa mtu mnene mchangamfu aliyetaka kujenga tanuru la kuyeyushia betri kuukuu za magari ili apate madini ya risasi. Alikuwa na eneo, alikuwa na mashine, alikuwa na marafiki wakubwa. Alichokosa ni ripoti ya hewa, kwa sababu bila ripoti hapati leseni. Alimwambia Mkurugenzi kwamba amesikia hapa ndipo wanapofanya kazi bila kumsumbua mtu. Mkurugenzi alicheka, akampa mkono.

Fundi alipofungua ramani ya eneo lenyewe, aliitambua kabla hata majina hayajatokea. Lilikuwa lile bonde. Kijito kile, shule ile yenye paa refu, njia ile inayopinda, na pembeni ya njia nyumba ya dada yake. Tanuru lingekaa juu kidogo, mahali palipokuwa na kiwanda cha vigae kilichokufa. Aliandaa kila kitu kwa uangalifu kuliko kawaida yake, akaiachia programu ifanye hesabu, akaenda kunywa chai. Aliporudi, ramani nzima ilikuwa kijani. Moshi ulipanda, ukavuka vilima, ukaenda zake.

Alishusha pumzi. Alifurahi kweli, hata akataka kumpigia dada yake simu. Lakini alikwisha kuishi bonde lile. Aliyajua majiko ya asubuhi kule: moshi wake ulikuwa unalala juu ya mapaa, haupandi wala hauondoki, mpaka jua likolee, na nguo zilizoanikwa mapema zilikuwa zinanuka moshi mchana kutwa. Dada yake alikuwa haaniki nguo ya mteja kabla jua halijawa kali. Sasa moshi huu wa tanuru uliwezaje kupanda asubuhi, wakati ule wa jiko la chai umeshindwa?

Akaingia ndani ya programu kutafuta, na alichokikuta alikiweka yeye mwenyewe. Ni jambo la kitoto, ukilieleza. Hesabu yao iligawanya moshi kwa kasi ya upepo. Upepo ukiwa sifuri, hakuna cha kugawanyia, kompyuta inagoma. Zamani zile, kwenye meza ya kukatia vitambaa, walikuwa na kazi ya mkulima wa maua aliyetaka kujua dawa anayopuliza inapeperuka kwenda wapi, na programu ilikuwa inagoma kila inapokutana na saa tulivu. Mkulima yule alikuwa anapulizia mchana, kwenye upepo. Kwa hiyo Fundi aliiambia programu kwamba ikikutana na saa isiyo na upepo, iruke, iende saa inayofuata. Alikusudia kurudi kulitengeneza. Kisha ikaja mimba, akaja mtoto, ikaja kazi nyingine na nyingine, na kampuni nzima ikajengwa juu ya mruko ule.

Mahali pa wazi penye upepo, mruko huo hauna madhara makubwa. Bondeni ulifuta karibu asubuhi zote za mwaka, na ndizo hizo ambazo moshi haupandi. Programu ilikuwa inazitupa saa mbaya, inapima zilizobaki, kisha inatangaza kwamba hali ni shwari.

Alikaa na kazi hiyo siku kadhaa, akiwaambia wenzake anarekebisha kitu kidogo. Alitafuta njia ya kuzihesabu saa tulivu badala ya kuziruka, akaijaribu kwa vipimo vya mahali pengine mpaka akaridhika. Alipoiendesha tena kwa ajili ya tanuru, bonde lilijaa nyekundu toka ukingo hadi ukingo. Risasi hiyo si moshi wa kukohoa ukapona. Inakaa damuni, na kwa watoto inapanda kichwani, inawafanya wazito wa kujifunza kwa maisha yao yote. Shule ilikuwa katikati ya wekundu. Nyumba ya dada yake ilikuwa hapo hapo.

*

Mkurugenzi aliziangalia ramani mbili alizowekewa mezani, ya kijani na nyekundu, akasimama, akafunga mlango. Fundi alimweleza yote kwa pumzi moja, kosa ni lake, lilivyoanza, lilivyosahaulika, na kwamba sasa amelitengeneza. Alitegemea ashtuke. Alikuwa hata na maneno ya kumtuliza. Mwanamume yule alikuwa akizungusha kalamu tu, bila mshtuko wowote.

"Ulikuwa unajua," Fundi akasema.

"Nilikuwa najua programu yetu inatoa majibu mazuri."

"Tangu lini?"

Hakumumunya maneno. Alisema ni tangu siku zile za nyuma ya duka la dawa, mteja mmoja alipowaendea washindani wao, akapewa majibu mabaya, akaja kwao akapewa mazuri, akauliza siri ni nini. Mkurugenzi aliingia kwenye programu, akaona, akaelewa, akanyamaza. Mteja akawaambia wenzake. Wenzake wakaja. Mkurugenzi alisema mwongozo wa serikali wenyewe unaruhusu saa zisizo na upepo ziachwe, kwa hiyo hajadanganya mtu, wala hajavunja sheria. Alisema yeye hakuugusa mstari ule hata kwa kidole. Ni wa mke wake.

Hapo Fundi alitaka kumtia kofi. Si kwa kuficha. Kwa kukaa mbele yake miaka yote hiyo akimsifia akili mbele za watu, huku anajua wanachokinunua ni usahaulifu wake. Alimwambia ripoti ya tanuru itatoka nyekundu.

"Haya," mumewe alisema. "Na zile zilizotangulia? Kiwanda cha matofali, dampo, machimbo, zote? Mbona hizo hujaniletea?"

"Hizo sikujua."

"Sasa unajua. Utazifungua?"

Fundi alijiambia hayo yatasubiri, kwanza bonde. Mkurugenzi aliona amemkamata. Alisimama, akavuta pazia la ukuta wa kioo, akamwonyesha vijana na wasichana waliojaa kwenye meza za ukumbini, wameinamia kompyuta zao.

"Wale wote wanakula kwa ule mstari wako. Uufute tuone utawalisha nini."

*

Nyumbani habari zilikwisha kufika. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye meza ya chakula, uso ameukunja, na hakungoja hata Fundi anawe mikono. Alisema amesikia kuna mtu humu ndani aliyechoka kula vizuri. Alikumbusha shule anayosoma mtoto, gari linalompeleka, na kwamba mwanawe amesota mpaka kufika hapo alipofika. Fundi alimuuliza kwa adabu kama anajua walisotea sebuleni kwa nani. Mama mkwe akamwambia asimrushie maneno, yeye ni mtu mzima.

Mtoto alikuwa anawatazama mmoja mmoja, kijiko kimesimama. Mkurugenzi akamwambia aende chumbani na sahani yake, kisha akabadilika, akawa yule wa zamani, mpole, mwenye maneno laini. Alisema amewaza njia nzima akiwa garini. Alisema yeye si mnyama, na dada ya mke wake ni dada yake. Watamtafutia nyumba upande wa juu wa mji, penye hewa safi, kampuni italipa. Watamnunulia cherehani mpya ya umeme, zile zinazodarizi zenyewe. Atahama kabla tanuru halijawashwa. Aliyasema haya kwa huruma kabisa, kana kwamba ni yeye aliyeonewa na bado anasamehe.

"Shida yako si ni dada?" alimuuliza. "Basi dada tumtoe."

Mama mkwe alisema huo ndio uungwana. Fundi alikitazama chakula chake. Yaliyomfika yalikuwa mengi, hasira juu ya hasira, lakini chini ya yote, ni vizuri isemwe kama ilivyo, alijisikia kupata nafuu. Alilala na nafuu hiyo. Asubuhi alijiona amekwisha kuanza kuwaza nyumba ile mpya ya dada yake itakuwa na vyumba vingapi.

*

Alimkuta dada yake uani anapima kitambaa, na juu ya mapaa ya majirani moshi wa majiko umelala vilevile kama zamani. Fundi aliupita kama hauoni. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaanza na cherehani ya kudarizi, akaja kwenye nyumba, akasifu upande ule wa mji, maji hayakatiki, barabara ya lami. Dada alisikiliza, pini mdomoni, akiendelea kupima. Alipomaliza upande mmoja alizitoa pini, akauliza ni nani aliyekufa hata azawadiwe hivyo.

Fundi akacheka kidogo, kisha ikambidi aseme. Hakusema yote. Alisema tanuru likija, bonde hili halitakuwa zuri kwa kukaa.

"Halitakuwa zuri, au litaua watu?"

"Litaumiza. Watoto zaidi."

Dada aliangalia upande wa uzio, ambako watoto wa jirani walikuwa wanafukuzana wakiwa na sare za shule, wamechelewa. Mama yao alikuwa anawafokea, huku akiinamia jiko alipulize.

"Na nikihama mimi, moshi nao utahama?"

Fundi alianza kueleza kwamba Mkurugenzi hasikii, kwamba ripoti ni mali ya kampuni, kwamba yeye peke yake hawezi kitu. Aliyasikia maneno hayo yakimtoka na kila moja likamchefua. Dada hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba mkutano wa wakazi umetangazwa, ukumbi wa shule, na yeye atakwenda kusikiliza kama wenzake. Kisha akamwomba asimame, maana amekalia kipande cha kitambaa cha mtu.

Fundi alisimama. Aliondoka bila kuaga vizuri, na njiani hasira ilimpanda upya, safari hii bila nafuu yoyote ndani yake. Alimkasirikia mumewe, akamkasirikia mama mkwe na uungwana wake, na zaidi alijikasirikia mwenyewe, aliyetumwa kumnunua dada yake akakubali, tena akaenda mapema.

*

Ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Mbele waliketi ofisa wa leseni aliyekuwa mwenyekiti, mwenye tanuru katika suti iliyombana, na Mkurugenzi na projekta yake. Fundi alikaa safu ya pili, kwenye kiti kilichoandikwa "Kampuni". Mumewe alikwisha kumwambia asije, kisha alipomwona amekuja akatabasamu na kumsogezea kiti, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Mwenye tanuru alizungumza habari za ajira, akapigiwa makofi. Hakuna wa kuwalaumu; nusu ya vijana wa bonde walikuwa hawana kazi. Kisha Mkurugenzi akasimama, na lazima isemwe alikuwa hodari. Aliwatania, akawaambia aliwahi kuishi hapa hapa, wakati ule wakimwita muuza hewa. Ukumbi ukacheka, wengine wakamkumbuka. Akawasha projekta. Ramani ya kijani ikatanda ukutani, moshi ukapanda, ukavuka vilima, ukaenda zake. Alisema hii si kubahatisha, hii ni sayansi, na programu hii hii ndiyo waliyoitumia kwa kiwanda cha matofali, kwa dampo la mjini, kwa machimbo ya kokoto, kwa kiwanda cha rangi, na hakuna hata mkazi mmoja aliyelalamika.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna swali. Fundi alisimama.

"Programu hiyo niliiandika mimi," alisema. "Ramani hiyo si ya kweli."

Mkurugenzi hakutikisika. Aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kidogo, akawageukia wananchi.

"Naomba radhi. Huyu ni mke wangu. Tumeamka vibaya leo."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Walicheka wanaume, walicheka wanawake, mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Mtu mmoja kutoka dirishani alimshauri Mkurugenzi akanunue zawadi kabla ya kurudi nyumbani. Fundi alisimama katikati ya kicheko hicho uso unamwaka. Mumewe alimtazama kwa macho ya upendo kabisa, kisha akamwonyesha kiti kwa kile kidole chake, akae.

Hakukaa. Alingoja wachoke. Walipopoa, hakuzungumza na mwenyekiti tena, alizungumza na wale waliomcheka. Aliwauliza moshi wa majiko yao huondoka saa ngapi asubuhi. Wakajibu, kwanza wawili watatu, kwamba hauondoki, unakaa mpaka jua likolee. Aliwauliza kama ndivyo siku nyingi au siku moja moja. Wakasema siku nyingi, karibu zote. Akawaambia kwamba saa hizo zote hazimo katika ramani ile. Programu inaziruka. Aliwaeleza alivyoiambia iziruke na kwa nini, na kwamba akizihesabu, ramani inakuwa nyekundu toka ukingo hadi ukingo, na shule hii waliyokaa ndani yake iko katikati. Alieleza risasi inawafanya nini watoto. Hakupaza sauti. Alitamani kuipaza, lakini alijua akipaza watacheka.

Mwenyekiti alikuwa amevaa miwani tena. Alisema mambo ya kitaalamu yaletwe kwa maandishi. Mwenye tanuru alikuwa amemgeukia Mkurugenzi na anamnong'oneza kwa ukali. Mkurugenzi alisema mwongozo unaruhusu, akalirudia hilo, na mara hii hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Vijana wa nyuma walianza kuzomea. Fundi alidhani amemaliza. Alidhani sasa anaweza kukaa.

Kutoka upande wa wanawake, dada yake alisimama. Fundi alimtazama, na aibu ikampata, kwa sababu alitegemea shukrani.

"Nina swali kwa mdogo wangu," dada alisema. Ukumbi ukageuka wote. "Mkurugenzi amesema ni programu hii hii. Matofali, dampo, machimbo, kiwanda cha rangi. Huko kwingine uliwaendea kuwaambia, kama ulivyokuja kwetu?"

Fundi aliigeukia ramani ya kijani ukutani.

"Au wale hawana dada?"

Hapakuwa na chuki katika sauti yake. Aliuliza kama anavyomuuliza mteja vipimo, akabaki amesimama anangoja. Mkurugenzi aliona kabla ya wote jambo linakokwenda. Aliacha meza, akaja mpaka safu ya pili, akamshika mkewe kiwiko, akamwambia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia hadharani kwamba inatosha, kwamba akisema hilo hakuna kampuni kesho, hakuna nyumba, hakuna shule ya mtoto, na jela wataingia pamoja. Yote hayo yalikuwa kweli. Fundi alilijua kila moja. Aliutoa mkono ule kwenye kiwiko chake kidole kimoja kimoja.

"Sikuwaendea," alimjibu dada yake.

Kisha akaanza. Hakuhitaji karatasi, kazi zote alizifanya kwa mkono wake. Alianza na kiwanda cha matofali, akataja vitongoji vinavyokizunguka, na asubuhi ngapi za mwaka programu ilizitupa huko. Mkurugenzi alirudi mbele akachomoa waya wa projekta; ramani ya kijani ikatoweka, ukabaki ukuta mtupu wenye nyufa. Mwenyekiti alitangaza mkutano umefungwa, akakusanya makabrasha yake, asiondoke. Fundi alikuwa amefika kwenye dampo. Alitaja mtaa ulio chini yake, akataja zahanati iliyo mtaani hapo, akasema moshi wa dampo unatua wapi usiku usipokuwa na upepo, na kwamba waliandikiwa hali ni shwari. Akahamia machimbo. Sauti ilianza kumkwaruza, lakini sasa hakuna aliyekuwa anacheka, na watu wa madirishani walikuwa wanawanyamazisha waliokuwa nje.

Kule nyuma mwanamume mmoja mwenye kofia ya mlinzi alinyoosha mkono kama mwanafunzi, akaona hakuna anayemwita, akasimama mwenyewe. Alimwomba Fundi arudie ile ya dampo, aseme polepole ni mtaa gani, kwa sababu mama yake mzazi anaishi huko.